Chipu ya Usalama Inapogoma Baada ya Sasisho: Usiifute Kabla Hujaupata Ufunguo

Mwalimu mmoja wa sekondari alivuka ziwa kutoka Nansio hadi Mwanza akiwa ameiviringisha kompyuta mpakato yake ndani ya kanga na kuiweka katikati ya kikapu cha ukili, kama mtu aliyebeba mayai. Nilipomwamkia, aliitikia, "Marahaba mwanangu," akaketi, akaifunua mashine na kuiwasha kabla hata hajanywa maji. Ikatokea skrini ya bluu yenye maandishi meupe na mstari mtupu uliokuwa ukingoja tarakimu 48. "Juzi usiku iliniandikia kwamba inajisasisha, nisiizime," alisema. "Sikuizima. Asubuhi nikaikuta inanidai namba ambazo sijawahi kupewa na mtu." Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na alama za mitihani za vidato vitatu, maandalio ya masomo ya miaka kadhaa, na picha za mazishi ya mama yake ambazo hazikuwa mahali pengine popote.

Fundi wa kwanza aliyemwona alikuwa amemshauri aingie kwenye mipangilio ya BIOS, ule ukurasa unaofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, na kuifuta chipu ya usalama, kwa hoja kwamba chipu imeharibika na ikifutwa itaanza upya. Mwalimu alisita kwa sababu neno "kufuta" lilimtisha, na kusita huko ndiko kulikoziokoa kazi zake. Ushauri kama huo nimeusikia kwenye meza za mafundi kuanzia Kirumba hadi Igoma, nami naamini unawapotezea watu mali yao bila sababu. Ili kuona kwa nini ni ushauri mbaya, inabidi kwanza tuelewe chipu hiyo inafanya nini kila kompyuta inapowashwa.

Chipu hii hujulikana kwa kifupi kama TPM. Kanuni zake huandikwa na Trusted Computing Group, muungano wa makampuni ya kompyuta ulioundwa mwaka 2003, na toleo linalotumika leo ni la 2.0, ambalo mwaka 2015 lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa chenye namba ISO/IEC 11889. Katika baadhi ya kompyuta TPM ni kipande halisi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kilichochomelewa juu ya ubao mama, ambao mafundi wetu huuita madabodi. Katika kompyuta nyingine hakuna kipande cha kukigusa kwa mkono, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na programu inayokaa katika sehemu iliyotengwa karibu na prosesa. Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mada yetu. Programu dhibiti, yaani ile programu ya kiwandani inayokaa kwenye ubao mama na kuamka kabla ya Windows, ndiyo inayobeba TPM ya aina hii ya pili, kwa hiyo mtu anayesasisha programu dhibiti anaweza kuwa ameigusa chipu yenyewe pasipo kujua.

Chipu ina kazi mbili zinazokwenda pamoja: kutunza funguo na kukumbuka vipimo. Kompyuta inapowashwa, kila hatua huipima hatua inayofuata kabla ya kuikabidhi kazi. Programu dhibiti huanza kwa kujipima yenyewe, kisha huupima mpangilio wake, kisha hukipima kipakiaji kitakachoileta Windows. Kipimo ni heshi, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na maudhui ya kitu kinachopimwa, kwa namna ambayo herufi moja ikibadilika namba yote hubadilika. Namba hizo hupelekwa kwenye TPM, ambayo katika kompyuta za kawaida ina rejista zisizopungua 24 za kuzipokea.

Rejista hizi haziandikwi kama daftari la dukani, ambalo mtu anaweza kurudi nyuma na kusahihisha mstari. Kipimo kipya huunganishwa na kile kilichokuwamo, muungano huo hupigiwa heshi upya, na matokeo yake ndiyo yanayobaki. Anayepika mchuzi wa sangara anaijua hali hii: chumvi ikishaingia haitolewi, na kitunguu kilichotangulia nyanya hakitoi mchuzi ule ule wa kitunguu kilichofuata nyanya. Kupata matokeo yale yale kunahitaji vitu vile vile, kwa kiasi kile kile na kwa mpangilio ule ule, tangu sufuria ikiwa tupu. Sufuria ya kompyuta huwa tupu inapowashwa tu. Ndiyo sababu programu ovu iliyojipenyeza katikati ya safari haiwezi kurudi kuifuta alama iliyoachwa na kuingia kwake.

Sasa twende kwenye kufuli. BitLocker, mfumo wa Microsoft wa kusimba diski ulioanza na Windows Vista mwaka 2007, huyageuza maandishi na picha zako kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ufunguo unaosimba data hufungwa ndani ya ufunguo mwingine mkuu, na huo mkuu hutunzwa katika nakala zaidi ya moja, kila nakala ikiwa imefungwa kwa njia yake. Nakala moja imefungwa na TPM kwa sharti kwamba itafunguliwa tu ikiwa rejista fulani zina thamani zile zile zilizokuwamo siku ya kufungwa. Nakala nyingine imefungwa kwa zile tarakimu 48. Siku za kawaida mtumiaji haoni lolote, kwa sababu vipimo vinalingana na TPM inautoa ufunguo kimya kimya ndani ya sekunde chache. Wengi hawajui hata kwamba diski yao imesimbwa.

Hapo ndipo sasisho linapoingia. Programu dhibiti ikibadilishwa, heshi yake hubadilika, rejista huishia kwenye thamani nyingine, na TPM hukataa kuutoa ufunguo. Kwa upande wa chipu, kompyuta iliyosasishwa na kompyuta iliyoingiliwa na mwizi zinafanana. Haina namna ya kujua kwamba mabadiliko yametoka kwa mtengenezaji. Ile skrini ya bluu ni chipu ikitimiza kazi iliyopewa. Mtu anayeiita mbovu anamlaumu mlinzi aliyemzuia mgeni getini.

Msomaji makini atauliza: mbona kompyuta nyingine husasishwa mara kwa mara na hazidai chochote? Jibu liko katika uchaguzi wa rejista. Kompyuta iliyowashiwa Secure Boot, yaani utaratibu wa kukubali tu vipakiaji vyenye saini inayoaminiwa, kwa kawaida huifunga BitLocker kwa rejista ya 7, inayohifadhi hali ya Secure Boot na orodha ya saini zake, pamoja na rejista ya 11 ambayo BitLocker huitumia yenyewe. Pasipo Secure Boot, hutumika rejista ya 0, ya 2, ya 4 na ya 11, na ile ya 0 ndiyo inayopima programu dhibiti yenyewe. Kwa hiyo majirani wawili wa Nyakato wenye kompyuta za aina moja wanaweza kupokea sasisho lile lile usiku mmoja. Wa kwanza, ambaye Secure Boot yake imewashwa, akaamka na kuendelea na kazi, na wa pili akaamkia skrini ya bluu. Hata huyo wa kwanza hana kinga kamili. Sasisho likiirudisha mipangilio ya BIOS kwenye hali ya kiwandani na Secure Boot ikazimika, au likibadilisha orodha ya saini, rejista ya 7 nayo hubadilika. Likiwa limeigusa TPM ya ndani ya prosesa na kuifuta, basi nakala iliyofungwa na chipu hupotea kabisa, rejista ziwe zinalingana au zisilingane.

Katika maelezo hayo kuna jambo moja ambalo ningependa kila fundi wa mji huu alishike. Ikiwa TPM haijafutwa, ufunguo bado umo ndani yake, ukingoja vipimo vya zamani. Ukivirudisha vipimo, chipu itafungua. Kama sasisho lilizima Secure Boot, iwashe tena. Kama liliihamisha kompyuta kutoka UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwaka, kwenda mfumo wa zamani, irudishe. Kama kuna flashi au diski ya nje iliyochomekwa, itoe kabla ya kuwasha, kwa kuwa katika mashine kadhaa nayo huingia kwenye vipimo. Kama hayo yote hayajasaidia na mtengenezaji anaruhusu kurudi kwenye toleo la awali la programu dhibiti, kulirudisha toleo hilo kunaweza kuirejesha rejista ya 0 ilivyokuwa. Watengenezaji wengine wamezuia kurudi nyuma kwa sababu za usalama, na hapo njia hiyo imefungwa. Lakini mtu aliyebonyeza neno la kufuta chipu amezifunga njia zote hizi kwa mkono wake, maana kuifuta TPM ni kuitupa mbegu ambayo funguo zote za uhifadhi huzaliwa kutokana nayo. Baada ya hapo, hata ukirudisha vipimo vyote barabara, hakuna tena cha kufunguliwa.

Turudi kwa mwalimu. Secure Boot yake ilikuwa imezimwa, nikaiwasha, skrini ya bluu ikarudi vile vile. Toleo la awali halikuruhusiwa. Zikabaki tarakimu 48.

Ufunguo huo wa urejeshaji una umbo linalofaa kujulikana. Ni makundi 8 ya tarakimu 6, na kila kundi hugawanyika kwa 11 bila kubaki kitu. Kundi kama 135795 linawezekana, kwa kuwa ni 11 mara 12345; kundi la 135796 haliwezekani kabisa. Kwa hesabu hiyo, ukikosea tarakimu moja au ukibadilishana nafasi tarakimu mbili zinazofuatana, kosa hujulikana. Ni faida kubwa kwa mtu anayesomewa ufunguo kwa simu huku jenereta ya jirani ikinguruma. Skrini huonyesha pia kitambulisho cha ufunguo, na herufi na namba 8 za mwanzo za kitambulisho hicho ndizo za kulinganisha na orodha utakayoikuta kwenye akaunti. Kitambulisho si ufunguo, na nimewaona watu wakihangaika kukiingiza kama ufunguo hadi wakakata tamaa.

Microsoft huuhifadhi ufunguo kwenye akaunti iliyotumika kuiandaa kompyuta, nao husomeka kupitia aka.ms/myrecoverykey kwa simu au kompyuta nyingine yoyote. Kompyuta ya ofisi, ya chuo au ya shirika huuweka kwa msimamizi wa mfumo wa mahali hapo. Wengine waliuchapisha, au waliuhifadhi kwenye flashi siku ile walipoulizwa na wakasahau. Mwalimu alikuwa na akaunti ya Microsoft. Tuliifungua kwa simu yake, na orodha ilikuwa tupu.

Hapa kuna shida ambayo maelezo ya watengenezaji wa mbali hayaigusi, ilhali kwetu ni ya kila siku. Kompyuta nyingi zinazouzwa katikati ya mji wetu ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya au kupitia Dubai. Muuzaji huzipakia Windows upya, na ili asikwame kwenye hatua ya akaunti hutumia ya kwake. Windows inapoona kompyuta ina TPM, Secure Boot na akaunti ya Microsoft, huisimba diski yenyewe, hata katika toleo la Home, na kuupeleka ufunguo kwenye akaunti ile iliyokuwapo. Toleo la Windows 11 la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, limelegeza masharti ya usimbaji huu wa moja kwa moja, kwa hiyo linazikumba mashine nyingi zaidi kuliko zamani. Mnunuzi huingiza jina lake, hubadilisha picha ya ukutani, hutumia kompyuta miaka miwili, na muda wote huo ufunguo wa nyumba yake umekaa mfukoni mwa mtu aliyemuuzia. Muuzaji hana nia mbaya. Mara nyingi naye hajui.

Mwalimu alikuwa bado na risiti. Tulimpigia muuzaji, akashangaa, akafungua ukurasa wa akaunti yake, na mbele yake ikajipanga orodha ndefu ya kompyuta alizokwisha kuziuza. Nilimsomea zile herufi na namba 8, akazitafuta moja moja. Alipozipata, alianza kusoma makundi taratibu, mwalimu akiandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio, mimi nikiingiza. Kundi la tano lilikataa: alikuwa amesoma 8 mahali palipokuwa na 3. Alipolisoma tena likakubali, na baada ya kundi la nane Windows ikawaka. Mwalimu hakusema neno. Alifungua kwanza folda ya picha.

Kuingiza ufunguo hakumalizi kazi. Nakala ya TPM bado imefungwa kwa vipimo vya zamani, na kompyuta inaweza kuudai ufunguo tena kila inapowashwa. Dawa ni kuisimamisha BitLocker kwa muda na kuirudisha: katika sehemu ya usimamizi wa BitLocker huandikwa Suspend protection, kisha Resume protection. Kusimamisha hakufuti usimbaji. Huacha tu ufunguo ukiwa wazi kwenye diski mpaka utakapourudisha, na wakati wa kurudisha ndipo BitLocker inapoufunga upya kwa vipimo vipya. Kisha amri "manage-bde -protectors -get C:", ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, itakuonyesha ufunguo wenyewe ili uuandike mahali pako, pasipo kumtegemea muuzaji. Mimi hupendekeza zaidi ya hapo: mmiliki ahifadhi ufunguo kwenye akaunti yake, kisha auondoe ule wa zamani na kuzalisha mpya, ili ule uliobaki kwa muuzaji usifungue chochote.

Na ikiwa ufunguo haupatikani popote, TPM imefutwa na hakuna nakala nyingine? Ukweli ni mchungu na lazima usemwe: data haitarudi. Kuihamishia diski kwenye kompyuta nyingine hakusaidii, na fundi anayeahidi kuivunja BitLocker kwa malipo ya awali anauza kisichokuwapo. Diski inaweza kupakiwa Windows upya na kutumika, lakini yaliyokuwamo yamekwisha.

Skrini ya bluu ndiyo kosa lenye hasara kubwa, na ndiyo sababu nimelikalia. Mengine ni mepesi kiasi. Katika kompyuta zenye prosesa za AMD, baada ya sasisho hutokea wakati mwingine maandishi kwenye skrini nyeusi yanayosema kwamba kumbukumbu za fTPM zimeharibika au muundo wake umebadilika, na kukutaka ubonyeze Y ili kuifuta au N ili kuiacha ilivyo. Watu wengi hubonyeza Y kwa sababu tumezoea kukubali kila kinachoulizwa. Bonyeza N mpaka uwe na ufunguo wa urejeshaji mkononi, hata kama swali litarudi kila unapowasha. Ukiwa na hakika kwamba diski haijasimbwa, au ukiwa na ufunguo, Y haina madhara makubwa.

Kosa jingine huja Windows ikiwa imekwisha kuwaka. PIN inakataliwa, au programu za Office zinatoa taarifa kwamba chipu ina hitilafu, pamoja na msimbo 80090016. Msimbo huo, ukiusoma kwa maana yake, unasema tu kwamba ufunguo uliotafutwa haupo. PIN ya Windows haiishi peke yake kama nenosiri. Kazi yake ni kufungua ufunguo uliomo ndani ya TPM, na chipu ikifutwa au ubao mama ukibadilishwa, PIN hubaki bila kitu cha kufungua. Nenosiri la akaunti bado linafanya kazi. Ingia kwa nenosiri, ondoa PIN, uiweke upya, na kwa Office iondoe akaunti ya kazi kwenye mipangilio na kuiunganisha tena. PIN isipokubali kuondoka, mafundi huifuta folda ya Ngc iliyo ndani ya C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\Microsoft, na Windows huitengeneza upya. Hakikisha unalijua nenosiri kabla ya hatua hiyo.

Kuna pia hali ambapo TPM haionekani kabisa. Ukiandika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, dirisha linasema hakuna TPM inayofaa. Mara nyingi sasisho limerudisha mipangilio ya kiwandani, na PTT au fTPM imezimika; ingia BIOS uiwashe. Ikiwa imewashwa na bado haionekani, zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Hatua hii inaonekana kama ushirikina, lakini ina sababu. TPM inayoshindwa jaribio lake la ndani huingia katika hali ya kukataa karibu amri zote, na haitoki humo mpaka iwashwe upya kabisa. Ilhali kompyuta mpakato iliyozimwa kwa kawaida huendelea kuvipa umeme kidogo baadhi ya vipande vyake, na Windows yenyewe, ikiwa imewekewa uwashaji wa haraka, haijizimi kikamilifu.

Chipu inaweza pia kujifunga kwa muda kwa sababu ya majaribio mengi yaliyoshindwa. Windows huipangia TPM ya toleo la 2.0 kikomo cha makosa 32, na husamehe kosa moja kwa kila dakika 10 za kuwaka mfululizo bila kosa jipya. Anayeizima na kuiwasha kila mara kwa hasira anaikatisha hesabu hiyo. Iache iwake kwenye chaja, ukafanye shughuli nyingine.

Watumiaji wa Linux wataona habari zao kwenye kumbukumbu za kernel, yaani kiini cha mfumo huo, kwa amri "dmesg | grep -i tpm". Wale waliofungia diski ya LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, kwa TPM kupitia systemd-cryptenroll bado wana nenosiri la LUKS, mradi hawakuliondoa. Watalitumia kuingia, kisha wataandikisha TPM upya kwa vipimo vipya.

Nimeulizwa kama suluhisho si kuacha kabisa kusasisha programu dhibiti. Siwezi kukubaliana na hilo. Oktoba 2017 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Masaryk cha Brno, walitangaza kasoro iliyoitwa ROCA katika namna chipu za kampuni ya Infineon zilivyozalisha funguo za RSA, aina ya usimbaji wenye ufunguo wa wazi na wa siri, kiasi kwamba ufunguo wa siri uliweza kukokotolewa kutokana na ule wa wazi. TPM katika kompyuta nyingi za maofisini zilikuwa za Infineon, na mashine za miaka ile ndizo zinazotufikia kama mtumba. Tiba yake ilikuwa sasisho la programu dhibiti ya TPM yenyewe, likifuatwa na kufutwa kwa chipu, kwa sababu funguo za zamani zilikuwa dhaifu. Kufuta kuna mahali pake, basi: baada ya BitLocker kusimamishwa na ufunguo kuhifadhiwa. Zaidi ya hayo, msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kwa hiyo wengi wetu tutaingia BIOS kuiwasha chipu hii, au kuipandisha kutoka toleo la 1.2, tupende tusipende.

Atakayesasisha aanze kwa kuendesha "manage-bde -status" ili ajue kama diski imesimbwa. Ikiwa imesimbwa, aandike tarakimu 48 kwenye karatasi isiyokaa kwenye mkoba mmoja na kompyuta, asome mara mbili kundi kwa kundi, kisha aisimamishe BitLocker. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, kwa kuwa umeme wetu unaweza kukatika dakika yoyote, na programu dhibiti iliyoandikwa nusu inaweza kuiacha kompyuta haiwaki kabisa. Siku ambayo umeme umekuwa ukienda na kurudi tangu asubuhi, aahirishe. Sasisho likiisha, aingie BIOS athibitishe kwamba Secure Boot na TPM zimewashwa kama zilivyokuwa, airudishe BitLocker, kisha azime na kuwasha mara mbili akiwa bado nyumbani, karibu na ile karatasi.

Mwalimu aliondoka na kivuko cha mchana. Kitabu cha mahudhurio hakikurudi kikapuni pamoja na kompyuta, alikishika mkononi.